Chura, Mnyama na Vidole Vitano: Katuni za Watani wa Jadi Zilikotoka

Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Kennedy Musonda alifungua, Kibu Denis akasawazisha, kisha kipindi cha pili Maxi Nzengeli akapachika mawili, Stephane Aziz Ki moja, na Pacome Zouzoua akafunga hesabu kwa penalti. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, ambaye mashabiki walimwita Robertinho.

Hayo ndiyo waliyoyasoma wanunuzi wa magazeti. Wenye simu walianza kula uhondo mapema zaidi. Usiku ule ule zilizagaa picha za simba aliyefungwa bandeji kichwani, simba aliyenyolewa manyoya ya shingo, simba anayeomba maji, na juu ya karibu kila picha kiganja kilichotanuliwa vidole vyote vitano. Neno "5G" likahama kutoka kwenye matangazo ya kampuni za simu likawa tusi la mpira. Hadi leo shabiki wa Simba akinyooshewa kiganja, hata kama ni salamu tu, anajiuliza mara mbili.

Mkongo, Rufiji, haiko karibu na uwanja huo. Ipo kaskazini ya mto Rufiji, kwenye barabara inayotoka Kibiti kuelekea Mloka na lango la hifadhi ya wanyama. Siku ya dabi ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, mechi inatazamwa kwenye banda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi, jasho linatiririka, mwenye banda anakusanya kiingilio mlangoni. Wasio na nafasi ya kuingia hufuatilia kwa kelele za waliomo ndani. Ila katuni haihitaji kiingilio. Bando la bei ndogo linatosha, na kijana mmoja mwenye bando huwaonyesha wenzake kijiwe kizima. Kwa hiyo mzaha wa dabi unawafikia hata watu ambao mechi yenyewe hawakuiona.

Wengi hudhani mzaha huu umeletwa na intaneti. Umri wake ni mkubwa kuliko hata mpira wenyewe katika nchi hii. Kabla ya klabu kulikuwa na utani wa makabila, ule ambao Mzaramo na Mnyamwezi waliupata enzi za misafara ya biashara kati ya bara na pwani, na ambao Wandengereko na majirani zao wanaujua bila kufundishwa. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukuchukulia kitu chako, kukuita mlafi mbele ya wakwe, hata kuja msibani akadai kaburi ni lake na hatoki humo mpaka alipwe. Lakini ruhusa hiyo ilikuja na kazi. Mtani huyo huyo ndiye aliyeshughulika na mazishi, ndiye aliyewanyamazisha waliozidiwa na kilio, ndiye aliyesema ukweli ambao ndugu wa damu waliona haya kuusema.

Klabu mbili za Dar es Salaam ziliurithi mtindo huo. Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa ile iliyoanza kwa jina la Queens, ikapita Eagles, ikakaa miaka mingi ikiitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Magazeti yakaziita watani wa jadi, na kweli zilitaniana. Yanga ilipoifunga Sunderland 5-0 Juni 1968, na Simba ilipolipa kwa 6-0 Julai 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu, hakukuwa na picha ya kusambaza. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Mtu wa Rufiji alisikia matokeo kupitia Radio Tanzania, gazeti likamfikia likiwa limeshapita mikono mingi, na tambo zilikuwa za mdomo. Walioishi wakati huo wanakwambia zile sita za 1977 zilitajwa kila siku kwa miaka. Zilikumbukwa bila hata picha moja ya kuchora.

Uchoraji ulikuwa unakua pembeni, kwa njia yake. Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kuanzia miaka ya 1950, na mpumbavu huyo akawachekesha wasomaji wa Kiswahili kwa miongo kadhaa. Huku kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1960, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, lililokuwa la TANU. Chakubanga hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa mtu wa mjini wa hali ya chini, mjanja pale ujanja usiposaidia, na kupitia kwake msomaji aliyaona maisha ya wakati wa Azimio la Arusha bila hotuba. Gazeti la chama lilimvumilia, jambo ambalo ukilitafakari si dogo.

Kisha likaja jarida la Sani. Jina lenyewe lilitokana na waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo kizazi kizima kilimojifunza kusoma katuni mfululizo: Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Kipepe. Mkono mkubwa katika wahusika hao ulikuwa wa Philip Ndunguru, kijana aliyefariki 1986 akiwa bado mbichi kabisa kikazi. Nakala moja ya Sani ilisomwa na watu wengi kiasi kwamba ilimfikia wa mwisho haina jalada. Ukizitazama katuni za mpira za leo, yule shabiki mwenye macho yaliyotoka, kaptula pana na kandambili moja, utamwona Lodi Lofa amevaa jezi. Sidhani wanaochora sasa wote wanajua wamerithi kwa nani.

Mfumo wa vyama vingi wa 1992 ulifungulia magazeti binafsi, na magazeti binafsi yakahitaji wachoraji. James Gayo akaja na Kingo, Nathan Mpangala na Kijasti, Ali Masoud akamchora panya mdogo aliyemwachia jina hadi leo watu wanamwita Masoud Kipanya. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alivuka kwenda Nation ya Nairobi mwaka 1992 na huko akawa mmoja wa wachora katuni wakubwa wa Afrika. Hao walijulikana zaidi kwa siasa. Ila magazeti ya michezo nayo yaliongezeka, Dimba, Mwanaspoti, Championi na mengine, na gazeti la michezo lisilomchora Mnyama wa Simba au Mwananchi wa Yanga baada ya dabi lilikuwa limekosa nusu ya kazi yake.

Hapo ndipo lugha ya picha ilipokomaa. Simba haikuwa na tabu: jina lake ni mnyama, na mnyama huchorwa kirahisi akiwa mkali au akiwa hoi. Yanga ilihitaji kutafutiwa, na mashabiki wa Simba wakaikuta Jangwani. Makao makuu ya Yanga yapo katika bonde la mto Msimbazi, na masika yakikolea maji huingia. Maji yakiingia, nani hukaa humo? Chura. Basi klabu yenye makombe mengi ya ligi kuliko yoyote nchini ikapata mnyama wa kijani anayeruka kwenye tope. Wachache hukumbuka kwamba mto unaowafurisha Yanga unaitwa Msimbazi, jina lile lile la mtaa ambako Simba ina makao yake. Mchoraji atakayeufanyia kazi mkasa huo vizuri bado namsubiri.

Mtu wa Rufiji humtazama chura huyo kwa jicho jingine. Huku mafuriko ya kiasi ni neema: mto ukijaa na kushuka, unyevu unaobaki ndio unaolimiwa mazao ya mlau, na chura kulia usiku ni dalili kwamba mambo yanakwenda sawa. Yakizidi ni msiba. Mwaka ule ule wa 1968 Yanga ilipofunga tano, Rufiji ilifurika vibaya, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye miinuko. Aprili 2024 mto ulifunika tena nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mvua zikiwa kubwa na maji yaliyofunguliwa katika Bwawa la Julius Nyerere yakizua mjadala mkali. Wiki hizo picha ya chura anayeogelea mlangoni kwake haikuwa na kicheko kwa mtu aliyelala kwa jirani. Katuni ni ile ile, ila msomaji wake alikuwa kwenye maji.

Simu zilibadilisha mambo matatu, na la kwanza ni kasi, ambayo kila mtu anaijua. La pili ni mchoraji. Mechi ya Mei 6, 2012, Simba ilipoishinda Yanga 5-0 na kipa Juma Kaseja naye akafunga kwa penalti, ilikuta bado magazeti yana nguvu, ingawa blogu na Facebook zilishaingia. Kufikia 2023 kazi kubwa ilikuwa mikononi mwa vijana wasio na dawati la uhariri: wanakata uso wa mchezaji kwenye picha, wanaubandika kwenye mwili wa kuchorwa, wanaweka maneno mawili ya mtaani, "Utopolo" kwa Yanga au "Makolo" kwa Simba kutegemea nani kafungwa, na kuachia kwenye magrupu ya WhatsApp. Sasa akili mnemba imeongezeka. Mtu asiyeweza kuchora hata kuku anapata simba anayelia machozi kwa sekunde chache. Nyingi ya picha hizo, niseme ukweli, hazichekeshi. Zimeng'aa mno, na katuni inayong'aa sana hupoteza ule ubaya kidogo unaoifanya iume.

La tatu ni woga. Kuchora siasa kuna gharama. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa nchini, siku chache baada ya kutoa katuni ya Gado iliyomhusu Rais Kikwete. Mwaka huo huo ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, na 2018 zikafuata kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizodai leseni na ada. Mwaka 2021 mchoraji mmoja alikamatwa baada ya kuweka mtandaoni mchoro wa Rais. Kijana mwenye kipaji akiona hayo anachora mpira. Rais wa klabu, msemaji wa klabu, kamati, mwamuzi: hao wote wanachekwa bila kuhesabiwa siku za rumande. Haji Manara alipotoka usemaji wa Simba na kwenda Yanga mwaka 2021, wachoraji walikula kwa miezi. Na dabi ya Machi 8, 2025 iliyoahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kusema haitacheza kwa kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ilitoa katuni nyingi kuliko ambazo ingetoa kama ingechezwa. Ilipochezwa Juni 25 Yanga ikashinda 2-0. Ndani ya vichekesho vile kulikuwa na maswali mazito kuhusu uendeshaji wa soka letu, ambayo kwenye makala ya kawaida yangesomwa na wachache.

Wamarekani wanalo la kwao. Mpira wao, ule wa kubebwa mikononi na kuvaliwa kofia ngumu, una katuni za mtandaoni zinazoitwa Gridiron Heights, zilizoanzishwa na Bleacher Report mwaka 2016. Ndani yake wachezaji na makocha wote wa ligi ya NFL wanaishi mtaa mmoja, wanagombana kama majirani, na matukio ya wiki yanageuzwa vituko vya mtaani. Nilipozitazama niliona Kariakoo. Tofauti ni kwamba kule kuna waandishi, waigizaji wa sauti na wachoraji wanaolipwa, na majina yao yanaandikwa mwishoni. Huku ligi ina mkataba wa televisheni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, uliosainiwa 2021 kati ya TFF na Azam, na mchora katuni anayeifanya ligi hiyo izungumzwe hadi Mkongo hapati hata la bando.

Nadhani hapa ndipo tulipoacha kipande cha utani njiani. Siku kumi na moja baada ya kufunga bao lake katika zile tano za 2012, kiungo wa Simba Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Katika utani wa kale, siku kama hiyo mtani ndiye anayetakiwa kuonekana wa kwanza mlangoni, na watu wote wamfahamu kwa jina na ukoo. Mchora katuni wa gazeti alikuwa na kitu kinachofanana na hicho: saini kwenye kona. Ukichukia mchoro wa Kipanya au wa Gayo ulijua pa kupeleka hasira, na ukiupenda ulijua wa kumpongeza. Picha ya kwenye grupu haina baba. Mara nyingi aliyeichora aliweka jina, mwenye ukurasa mkubwa akalikata, akabandika lake. Matokeo yake anayevuka mpaka, akamchora marehemu au mtoto wa mchezaji, hana wa kumuuliza, na anayechora kwa ustadi hana wa kumlipa.

Klabu zote mbili sasa zina idara za habari, kurasa zenye wafuasi wengi na wadhamini. Zingeweza kesho asubuhi kununua katuni kutoka kwa vijana hawa kwa bei ya jezi chache. Mpaka zitakapofanya hivyo, kazi inabaki kwetu tunaosambaza. Ukipokea katuni ya dabi ijayo, awe ameliwa chura au amenyolewa simba, itazame kona ya chini kabla hujaituma. Ukikuta jina la mchoraji, liache.