Mstari Hafifu wa Charles Hutton

Mwaka 1774 mwanaastronomia wa mfalme wa Uingereza, Nevil Maskelyne, alipiga kambi kwa miezi kadhaa kwenye mlima Schiehallion, Scotland. Alitaka kuijua Dunia ina uzito gani. Mlima mkubwa, alisema, una mvutano wake; timazi ikining'inizwa ubavuni mwake itavutwa kidogo upande wa mlima. Ukijua imevutwa kiasi gani, na mlima una mawe kiasi gani, unaweza kuikokotoa Dunia nzima.

Timazi ilipimwa kwa kutazama nyota. Mlima ndio uliosumbua. Wapimaji waliuzunguka na kurudi na rundo la vipimo, nalo akapewa Charles Hutton, mtoto wa Newcastle aliyewahi kuchimba makaa ya mawe kabla ya kuwa profesa wa hisabati Woolwich. Alipoandika kila kimo mahali pake kwenye karatasi, karatasi ilijaa namba zisizosomeka. Ndipo akaunganisha kwa mstari hafifu sehemu zote zenye kimo kimoja, na umbo la mlima likajitokeza. Hesabu yake, iliyochapishwa mwaka 1778, iliipa Dunia uzito wa mara 4.5 ya maji ya ujazo huohuo. Leo tunajua ni kama 5.5.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Mholanzi Pieter Bruinsz alikwishachora mstari wa kina sawa katika mto Spaarne mwaka 1584. Ila kwa Hutton naiona kazi ileile inayofanywa leo na programu ya ramani kama QGIS tunapoiagiza itoe kontua, yaani mistari ya kimo sawa.

Kompyuta hupewa gridi ya vijiraba, kila kimoja na kimo chake. Tuseme kimoja kina mita 1,193 na jirani yake mita 1,203. Kontua ya 1,200 lazima ipite kati yao, na programu huiweka penye saba ya kumi ya safari kutoka cha kwanza. Inarudia hivyo jozi kwa jozi, kisha inaunganisha. Hakuna aliyekwenda pale na kukuta mita 1,200. Ni makisio, tena makisio mazuri, mradi namba za mwanzo ziwe za kweli.

Namba hizo kwa sehemu kubwa ya Afrika zilitoka angani. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliipima sehemu kubwa ya nchi kavu kwa rada kwa siku 11, na mwaka 2014 data zake za vijiraba vya mita 30 zikaanza kufunguliwa kwa umma, Afrika ikitangulia. Lakini rada ikikuta msitu mzito, mwangwi mwingi hurudi kutoka kwenye majani na matawi, si udongoni. Kwa hiyo ukitoa kontua za mita 5 kutoka data hizo ghafi kwenye delta ya Rufiji, mikoko hugeuka vilima, mahali ambapo maji yakijaa mtumbwi unapita.