Mngoje Akue

Mdogo wangu alizaliwa Ilala, Dar es Salaam, mwaka 1967. Alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Akapona, tukachinja kuku, na kwa muda mrefu hakuna aliyetambua kwamba mtoto hasikii tena. Mama aligundua siku sufuria lilipoanguka nyuma yake naye hata asigeuke. Akampeleka zahanati, nami nikafuata nimeshika upindo wa khanga. Mganga alipiga makofi karibu na masikio ya mtoto, akaandika neno kwenye kadi, kisha akamwambia mama: "Mngoje akue. Akifika umri wa shule mtaangalia."

Simlaumu sana mganga yule, maana ndivyo mambo yalivyokuwa. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni, jirani zetu kabisa, ikaanza mwaka 1974. Kazi njema zote mbili. Lakini mlango wa shule ulimngoja mtoto wa miaka saba na zaidi, na ya nyuma yake yote yaliachiwa nyumbani.

Nyumbani alikuwapo bibi, ambaye hakupata kukanyaga darasa. Hakungoja kitu. Chai ilikuwa vidole vilivyoshika kikombe na kupuliza. Baba ilikuwa kidevu kilichopapaswa. Mdogo wangu hajatimiza miaka minne, alikuja mbio jikoni akamweleza bibi kwa mikono kuwa mbuzi wa jirani anatafuna khanga kwenye kamba. Bibi alitoka na fimbo, na kweli mbuzi alikuwapo.

Mimi nilikuwa nimeshaanza shule, nikaona aibu. Tukienda soko la Ilala nilimkamata mikono yote miwili, asiongee, watoto wasije wakapiga kelele za "bubu". Akazoea. Akiwa nami alitia mikono mifukoni mwa kaptula.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1880. Karibu wote waliohudhuria walikuwa wanaosikia. Wakaamua kuwa watoto wafundishwe kwa kusema, na alama ziondolewe darasani. Ikawa hivyo katika nchi nyingi kwa karibu karne nzima. Mwaka 1960 William Stokoe wa Marekani alionyesha kuwa alama zile ni lugha yenye mpango wake, na mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wakatoa utafiti: watoto waliotambuliwa kabla ya miezi sita, na familia zao zikasaidiwa mapema, waliwapita katika lugha wale waliochelewa kutambuliwa. Mkutano wa namna ileile ulipokaa Vancouver mwaka 2010, ulitamka majuto juu ya uamuzi wa Milan. Miaka 130! Ningewacheka, msomaji, kama nami nisingekuwa na Milan yangu pale sokoni.

Aliingia shule ya Buguruni mwaka 1976, ana miaka tisa. Jioni ya siku ya kwanza aliketi na bibi kwenye mkeka akimfundisha alama mpya, mikono ikienda mbio hata bibi akacheka. Nilisogea nami nitazame. Aliponiona, alitia mikono mifukoni.