JEDWALI MOJA, VYUMBA MIA

Leo tuongee habari za mafundi wa kompyuta, ila usikimbie. Ni historia, tena inatuhusu sisi sote ambao majina, madeni na magonjwa yetu yameandikwa kwenye kompyuta za watu wengine.

Chukua mfano. Kampuni imetengeneza programu ya kuendesha maduka ya dawa, na maduka 100 yanaitumia. Kila duka lina jedwali la wateja, la mauzo, la madeni. Majedwali hayo yanafanana kwa kila kitu isipokuwa yaliyoandikwa ndani, na yote yanakaa kwenye seva moja. Sasa swali: ukuta kati ya duka langu na duka lako uko wapi?

Tuanzie mwaka 1970. Mwingereza Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California, alichapisha makala akapendekeza data zipangwe katika majedwali, na mtumiaji asilazimike kujua mashine imezihifadhi vipi ndani yake. Wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatunga lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali. Ndiyo SQL ya leo.

Baadaye kanzidata zikagawanywa vyumba, navyo vinaitwa skima. Chumba kimoja kinaweza kuwa na jedwali liitwalo "wateja" na cha jirani kikawa na la jina hilo hilo, wala yasigombane. Ni kama Juma wa Temeke na Juma wa Kinondoni. PostgreSQL, kanzidata huria inayopendwa sana, ilipata vyumba hivyo mwaka 2002, katika toleo la 7.3. Kwa mtu mwenye maduka 100 ya kuhudumia, hii ilikuwa neema: kila duka na chumba chake.

Lakini wakati huo waandishi wa programu walikuwa wameshahamia lugha zenye fikra nyingine, kama Java iliyotoka mwaka 1995. Humo hawawazi kwa majedwali, wanawaza kwa vitu: mteja ni kitu, ankara ni kitu. Akahitajika mkalimani wa kugeuza vitu kuwa majedwali na majedwali kuwa vitu. Mafundi wanamwita ORM. Mwaka 2001 Gavin King alianzisha Hibernate kwa ajili ya Java. Mwaka 2005 ikatoka Django, na hili wanahabari wenzangu watalipenda: ilizaliwa katika gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ambako vijana wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison, walitaka kujenga tovuti kwa kasi ya chumba cha habari.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Mkalimani huyu alifundishwa kwamba aina moja ya kitu ni jedwali moja. Mteja akitajwa, yeye anajua mahali pamoja tu pa kwenda. Gazeti lina kanzidata moja, kwa hiyo halikuona tatizo. Mwenye maduka 100 aliliona. Je, aandike "mteja" mara 100, kila mmoja na chumba chake? Haiwezekani. Watumiaji wa Django waliomba rasmi msaada wa skima mwaka 2007, na ombi likakaa miaka zaidi ya kumi bila kupata jibu ndani ya Django yenyewe.

Watu wakabuni njia ya mkato. PostgreSQL ina mpangilio uitwao search_path, unaoiambia kanzidata ianze kutafuta jedwali katika chumba gani. Ombi la duka la 7 likiingia, programu inageuza mpangilio kuelekea chumba cha 7, na mkalimani anaendelea kusema "wateja" bila kujua amehamishwa.

Ni ujanja mzuri, ila una mtego. Ili kuokoa muda, programu haifungui njia mpya ya kwenda kwenye kanzidata kwa kila ombi, bali inatumia tena zilizo wazi. Fundi akisahau kurudisha mpangilio, ombi linalofuata la duka la 8 linaweza kupita njia ile ile na kuangukia chumba cha 7. Hakuna kengele italia. Jedwali lipo, jina ni sahihi, majibu yanarudi. Ni ya watu wengine tu.

Ndiyo maana wenye zana wenyewe walikuja kuingilia. Hibernate 4.0 ya mwaka 2011 ilileta utaratibu wake wa kuhudumia wateja wengi. SQLAlchemy 1.1, mkalimani wa lugha ya Python, mwaka 2016 iliruhusu jina la skima libadilishwe wakati swali linapopelekwa. Wapo pia waliokataa vyumba kabisa. Salesforce, iliyoanza mwaka 1999, huweka data za kampuni zote katika majedwali ya pamoja na kila mstari una alama ya mwenyewe. Wana hoja: maduka 100 yenye majedwali 40 kila moja ni majedwali 4,000, na ukitaka kuongeza safu moja tu kwenye jedwali la wateja, unarudia kazi mara 100.

Mimi naona historia hii ina somo moja. Codd alitaka tusisumbuke kujua data zimekaaje, na mkalimani akatuondolea hata haja ya kuona majedwali. Raha tupu! Lakini kila tulipofichwa jambo, ukuta nao ulifichwa, mpaka ukabaki mstari mmoja wa maelekezo ambao fundi aliyechoka anaweza kuusahau.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Ni vizuri, lakini sheria haigeuzi search_path. Siku ukienda kununua programu ya duka, shule au zahanati yako, usiulize bei peke yake. Uliza: data zangu zinatenganishwaje na za jirani, na fundi akisahau, ni nini kitamzuia?

Akikosa jibu, wewe ungefanyaje?