Kabla ya Kuuliza Apu, Uliza Lugha

Juzi nilikaa na mabeste zangu watatu, wote tunaandika hadithi. Tukabishana masaa mawili kuhusu vifaa: nani anaandikia kwenye simu ndani ya matatu, nani hawezi bila laptopu, nani ni wa daftari na kalamu. Lugha je? Hakuna aliyeigusa. Sote tunaandika Kiingereza, basi.

Hii kitu haikuanza na sisi. Juni 1962, waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala, kujadili kazi yao. Achebe alikuwepo, Soyinka pia, na Grace Ogot wetu. Ngũgĩ wa Thiong'o, enzi hizo akiitwa James Ngugi, alikuwa bado mwanafunzi hapo hapo. Alialikwa kwa sababu ya hadithi fupi mbili tu. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza, kwa hivyo Shaaban Robert wa Tanga, mwenye vitabu kibao vya Kiswahili, hakualikwa. Akafariki mwezi huo huo. Baadaye Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuandika kwamba hiyo haikuwa sawa.

Songa mbele hadi 1977. Ngũgĩ anatoa Petals of Blood kwa Kiingereza, kitabu kinachowachapa wakubwa bila huruma. Hakamatwi. Mwaka huo huo, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wanaandika mchezo wa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanauigiza. Serikali inaupiga marufuku. Kufikia mwisho wa Desemba, Ngũgĩ yuko ndani, na hajashtakiwa na kosa lolote.

Huko Kamiti ndiko alikoandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za choo. Zilikuwa ngumu, mbaya kwa kazi yake, lakini zilishika wino poa. Siku moja askari wakapekua seli na kubeba kila kitu. Baada ya wiki kadhaa akarudishiwa. Alitoka Desemba 1978, kitabu kikatoka 1980, na watu wakakisomeana majumbani na kwenye baa.

Tunapenda kusimulia hiyo stori ya karatasi. Mi naona tunaangalia kifaa kisichofaa. Kilichowatisha wakubwa ni kwamba mama wa Limuru alielewa kila neno.

Sasa nijisute. Wahusika wangu huongea kichwani kwa Kiswahili na Sheng. Nikifungua laptopu nawatafsiri, kwa sababu naamini Kiingereza ndicho kitauza. Nyanya yangu hajawahi kusoma hata moja ya hadithi zangu, na macho yake ni mazima kabisa.

Hadithi yangu inayofuata naiandika Kiswahili. Ikiwa mbovu, mtaniambia. Lakini yeye ndiye atakuwa wa kwanza kuisoma.

Na wewe, unamwandikia nani?