Simu za usiku, viwanda vya kahawa na seva zisizo na bosi mmoja

Leo tuache kidogo habari za simu mpya. Kuna neno linalozunguka miongoni mwetu watengenezaji wa programu huria: shirikisho. Yaani mazungumzo yasikae kwenye kompyuta za kampuni moja, bali kila kikundi kiwe na seva yake, na seva hizo zipelekeane ujumbe. Vijana wengi ninaokutana nao hapa Nyeri wanadhani jambo hili lilianza na Mastodon mwaka 2016. Wapi! Lilifika Nairobi kabla ya intaneti yenyewe.

Mwaka 1984 Tom Jennings, mwandishi wa programu aliyekuwa San Francisco, alitengeneza FidoNet. Wazo lake ni rahisi mno. Kompyuta yako ina modemu na laini ya simu. Mchana watu wanaandika ujumbe na kuuacha humo. Usiku, simu zikiwa nafuu, kompyuta yako inaipigia ya jirani, zinabadilishana mafurushi ya ujumbe yaliyobanwa, kisha zinakata. Ujumbe unaruka hivyo kutoka mji hadi mji mpaka umfikie mwenyewe. Mwaka 1986 Jeff Rush wa Dallas akaongeza Echomail, na hapo ndipo yakaja majadiliano ya wazi: unaandika kwako, nakala inatua kwenye kila nodi iliyojiunga na mada hiyo. Katikati ya miaka ya 1990 nodi zilizidi 30,000 duniani. Afrika ilikuwa Kanda ya 5.

Kwa simu zetu za wakati ule (waliowahi kumsubiri opereta awaunganishe wananielewa) ufundi huu ulifaa kuliko intaneti. Haukuhitaji laini iwe hewani saa zote. Ilitosha ikae dakika chache bila kukatika. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la mazingira la ELCI, Nairobi, lilikuwa likitumia FidoNet kuwasiliana na mashirika mengine. Mlango wa kutokea kwenda duniani ulikuwa London, kwenye GreenNet, ambako Karen Banks alisimamia mtambo uliounganisha nodi za Fido za Afrika na kwingineko. Madaktari nao walikuwa na HealthNet ya SatelLife, shirika la Boston lililoanzishwa na Dkt. Bernard Lown, iliyotumia Fido pamoja na setilaiti ndogo iliyopita angani mara chache kwa siku.

Huku kwetu mlimani hali ilikuwa ngumu zaidi. Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150, na simu ya mbali ilikuwa ya kuhesabu senti. Lakini msingi ulikuwa pale pale: nodi ni yako, kanuni mnazikubali pamoja, na jirani akizima mashine yake barua zako hazipotei.

Kisha mwaka 1995 zikaja kampuni za intaneti, na ajabu yake ni kwamba kwa jambo moja tulirudi nyuma. Barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi ilipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo, ikarudi, na tukailipia safari zote mbili! Mwishoni mwa 2000 kampuni hizo zikaanzisha KIXP ili zibadilishane data papa hapa nchini. Telkom Kenya ikalalamika, tume ya mawasiliano ikalifunga Desemba hiyo hiyo. Lilifunguliwa tena Februari 2002. Waliopigania jambo hilo hawajapewa heshima wanayostahili, kwa maoni yangu.

Mtu wa Mathira haelezwi shirikisho kwa michoro, maana ameliona kwenye kahawa. Chama kikubwa cha ushirika cha huko kiligawanyika miaka ya 1990. Tekangu ni viwanda vya Tegu, Karogoto na Ngunguru. Gikanda ni Gichathaini, Kangocho na Ndaroini. Hata majina yenyewe yameunganishwa kama anwani! Wakulima walitaka kuona pesa zao kwa karibu, wakapata hilo, ila kila chama kipya kikabeba mhasibu wake, mashine zake na madeni yake. Mnada wa Nairobi uliendelea kuuza kahawa ya wote.

Sasa rudi kwenye programu. Mwaka 2023 Reddit ilitangaza bei kwa programu za nje zinazosoma data yake. Mtengenezaji wa Apollo alipiga hesabu akapata kama dola milioni 20 kwa mwaka, akafunga kazi mwishoni mwa Juni. Miaka ya maswali na majibu ya watu wa programu huria ilikuwa imelala humo. Mwaka huo huo mradi wa KDE, uliozaliwa Ujerumani mwaka 1996, ukawasha seva yake ya Lemmy, lemmy.kde.social. Lemmy hutumia ActivityPub, itifaki iliyopitishwa na W3C Januari 2018, kwa hiyo mwenye akaunti kwenye seva nyingine anauliza swali kule bila kujisajili upya. Ni Echomail ya Rush, ila hakuna tena haja ya kungoja usiku.

Sisi watu wachache wa hapa mjini tunatunza programu huria ndogo ya kuandika rekodi za uzito wa kahawa, na tumekuwa tukibishana kama tuige KDE. Wanaopinga wana hoja. Agosti 2023 seva kubwa ya lemmy.world ilimwagiwa picha haramu za watoto, na kwa kuwa seva huhifadhi nakala, uchafu ule ukafika kwenye mashine za watu ambao hawakuukaribisha. Ukiwa na seva Kenya, sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 inakuhusu wewe, si mtu wa California. Kwenye Fido shida hii ilikuwa ndogo, maana mijadala yake ilikuwa ya maandishi.

Nami nimeegemea huko. Tumekubaliana kuwasha seva kwa miezi sita, picha zikiwa zimefungwa, tukiunganishwa na seva tunazozijua tu, na wasimamizi wawili kwa zamu. Bado hatujaafikiana nani atalipa ikifika mwezi wa saba.