Mkaa wa mifupa: Kasoro za fuwele zinazosafisha maji

SINGIDA ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kuwa lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za madini hayo. Yanapozidi kwa miaka mingi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia na mifupa huweza kupinda. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki sufuriani.

Njia mojawapo ya kuiondoa ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao umefanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Siri ya mkaa huo imo katika maumbile ya mfupa. Madini ya mfupa ni fuwele za kalsiamu na fosfeti ziitwazo apataiti. Katika fuwele, chembe hujipanga kwa safu zinazojirudia. Safu za mfupa, hata hivyo, zina kasoro: kabonati imeshika baadhi ya nafasi za fosfeti, na nafasi nyingine zi wazi. Kasoro hizo huzifanya fuwele kuwa ndogo mno na nyepesi kubadilishana chembe. Maji yanapopita kwenye vitundu vya mkaa, floraidi hunaswa na kushika nafasi ya haidroksaidi.

Ndiyo maana moto wa kuchomea mifupa una kipimo, takriban nyuzi joto 400 hadi 500, tena kwa hewa kidogo. Ukipungua, mabaki ya mafuta huyapa maji harufu mbaya. Ukizidi sana, kabonati hutoka, fuwele hukua na kukamilika, na vitundu huziba. Mfupa huwa mweupe na wa kupendeza, lakini uwezo wake wa kunasa floraidi hushuka.

Kanuni hiyo imeonekana pia katika fuwele zenye vitundu zinazoundwa maabara kwa metali na viungo vya kaboni, zilizoleta Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Kiungo kinachokosekana huweza kupanua vitundu; vikikosekana vingi mno, fuwele huporomoka.

Aidha, hata mkaa bora hatimaye hujaa. Floraidi huanza kupita bila rangi wala harufu ya kumtahadharisha mnywaji. Kwa hiyo maji yaliyochujwa hayana budi kupimwa mara kwa mara, na mkaa kubadilishwa kwa wakati.