Manukuu yenye mitindo

'''Manukuu yenye mitindo''' ni maandishi yanayoonyeshwa juu ya picha za video ili kutafsiri au kuandika maneno yanayosemwa, pamoja na maelekezo ya namna yanavyotakiwa kuonekana: fonti, ukubwa, rangi, ukingo wa herufi na mahali pake kwenye skrini. Muundo wa faili unaotumika sana kwa kazi hiyo ni ASS, uliotokana na programu ya Sub Station Alpha. Kwenye kompyuta za Linux manukuu hayo huchorwa na libass, maktaba huria iliyoanzia katika programu ya MPlayer na ambayo leo hutumiwa na VLC, mpv na FFmpeg.

== Karatu na Ngorongoro ==
Katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Arusha, nchini Tanzania, jambo hili si la urembo tu. Zinazungumzwa humo Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, Kimaasai na Kidatooga, ambazo ni za Kiniloti, na Kihadza cha watu wa bonde la Ziwa Eyasi, lugha ambayo haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Watengenezaji wa filamu wamefika huko tangu zamani. Mfano mmoja ni filamu ya ''The Hadza: Last of the First'' ya mwaka 2014.

Kiswahili hakisumbui kompyuta, kwa sababu herufi zake ni za kawaida. Kinachoweza kuharibika ni alama ya ng': faili la UTF-8 lenye alama iliyopinda likisomwa kama Windows-1252, jina la Mang'ola hutokea kama "Mangâ€™ola". Dawa yake ni kulisoma na kulihifadhi faili kwa UTF-8, msimbo ambao libass inautarajia.

Kihadza ni kigumu zaidi. Wanaisimu huandika vidoko vyake kwa herufi ǀ, ǃ na ǁ, ambazo katika Unicode ni U+01C0, U+01C3 na U+01C1. Kwa macho, ya kwanza inafanana na mstari wa wima wa kibodi na ya pili inafanana na alama ya mshangao, kwa hiyo wachapaji wengi hutumia hizo zilizo karibu na vidole. Katika faili la muundo wa zamani wa MicroDVD, mstari wa wima ni amri ya kuanza mstari mpya: neno lenye kidoko hukatwa vipande viwili na kidoko chenyewe hupotea. Baadhi ya waandishi hukwepa taabu hiyo kwa kutumia c, q na x.

Kiiraqw nacho, kama kilivyoandikwa katika sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993, hutumia mkwaju (/) kama konsonanti kamili. ASS haiuguzi mkwaju huo. Amri zake huanza na ule ulioinama upande wa pili. Mabano ya mawimbi ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa maneno yaliyomo ndani yake hayaonyeshwi kabisa.

== Fonti ==
Faili la ASS hutaja fonti kwa jina tu. Likitaja Arial, na kompyuta ya Linux haina Arial, mfumo wa Fontconfig huchagua nyingine, mara nyingi Liberation Sans. Herufi isiyokuwemo katika fonti hiyo hutafutwa katika fonti nyingine yoyote iliyopo, na isipopatikana mtazamaji huona kisanduku kitupu. Maneno ya mzee wa Kihadza yakijaa visanduku, hakuna mtu atakayeyasoma, hata kama aliyeyaandika hakukosea herufi moja.

Fonti za DejaVu Sans, Charis SIL na Doulos SIL zina herufi za vidoko. Huwekwa katika folda ya ~/.local/share/fonts, kisha amri ya fc-cache -f huendeshwa. Ukifungua video kwa mpv -v kupitia dirisha la amri, mistari yenye neno "fontselect" huonyesha fonti iliyoombwa na ile iliyotumika.

Njia ya uhakika zaidi ni kuifungasha fonti pamoja na video katika faili la MKV kwa kutumia mkvmerge, ili isafiri nayo kwenye kila kompyuta. Leseni ya fonti za SIL inaruhusu jambo hilo. Za kibiashara nyingi haziruhusu.

== Ukubwa na rangi ==
Ukubwa wa herufi hupimwa kwa PlayResX na PlayResY zilizoandikwa mwanzoni mwa faili. Zikikosekana, libass huchukua 384 kwa 288, na herufi zilizopangwa kwa video ya 1920 kwa 1080 hujaza skrini nzima. Rangi huandikwa kwa mpangilio wa buluu, kijani, nyekundu, yaani kinyume cha kurasa za wavuti: &H000000FF ni nyekundu.

Video ikielekezwa kwa simu au televisheni zisizoelewa ASS, manukuu hupigwa chapa juu ya picha zenyewe kwa FFmpeg na kichujio chake cha ass. Hapo fonti ya mtazamaji haina kazi tena, ila manukuu hayawezi kuzimwa wala kosa la tahajia kusahihishwa bila kurudia video yote, hivyo faili la ASS na video ya awali huhifadhiwa kando.